Mjomba anawezaje kumsomea mpwa wake hukumu ya kifo? (Thomas Howard na Anne Boleyn)

BintiMahuta (Newala, Mtwara)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nina jambo linanisumbua tangu wiki iliyopita na hapa nyumbani sina wa kumuuliza. Mwanangu yuko kidato cha sita. Alipokuja likizo aliacha kitabu cha historia ya Uingereza alichoazima kwa rafiki yake. Mimi ni karani wa ghala la korosho, msimu ukiisha jioni zinakuwa ndefu, basi nikakifungua. Nimefika mahali nimekwama.

Tarehe 15 Mei 1536, ndani ya Mnara wa London, Malkia Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry VIII, aliletwa mbele ya baraza la mabwana wakubwa. Alishtakiwa kwamba amezini na wanaume watano, mmoja wao kaka yake mwenyewe George, na kwamba alipanga njama ya kumuua mfalme. Kiti cha hakimu mkuu siku hiyo alikalia Thomas Howard, Duki wa Norfolk. (Uduki ndio ulikuwa ubwana wa juu kabisa chini ya ukoo wa mfalme.) Yeye ndiye aliyesoma hukumu: achomwe moto au akatwe kichwa, vyovyote apendavyo mfalme. Siku hiyohiyo akaletwa George, naye akahukumiwa kufa mbele ya hakimu huyohuyo. George alikatwa kichwa tarehe 17, Anne tarehe 19, kwa upanga.

Sasa hapa ndipo nilipofunga kitabu. Mama yake Anne na George ni Elizabeth Howard, na Elizabeth Howard ni dada yake huyu Duki, tumbo moja. Huyu hakimu ni mjomba wao! Wapwa wawili kwa siku moja.

Niwaeleze kwa nini nashindwa kulala. Mimi nimelelewa na mjomba. Baba alikuwepo, mtu mwema, lakini kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na shauri likitokea anaitwa mjomba. Mikorosho yangu kumi na nne ya kwanza nilipewa naye, akaizungukia mmoja mmoja akiigonga kwa panga ili mashahidi waione. Mwaka mmoja kaka yangu aliuza korosho za mama kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, zikiwa bado maua juu ya mti. Mama alibaki hana kitu. Mjomba aliita kikao chini ya mwembe, wazee wakakaa kwenye magogo, kaka akasimamishwa katikati. Mjomba alimsema mpaka kijasho kikamtoka. Lakini ilipofika kulipa, yeye ndiye aliyenyanyuka, akaenda ndani, akaburuta magunia mawili ya korosho zake akayaweka miguuni pa mama. Alisema, "Huyu akikosa, nimekosa mimi." Kaka mpaka leo akimwona mjomba anavua kofia.

Ndiyo maana nauliza, na nauliza kwa moyo wote: ilikuwaje mjomba akae kwenye kiti kile? Hakuweza kusema naumwa? Au kwao neno mjomba halina uzito?

---

MwalimuMstaafu (Nachingwea, Lindi)

Marahaba mwanangu. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali hili kwa mlango ulioingilia wewe. Nitajaribu.

Kwanza ondoa mpangilio wa kwetu kichwani. Mimi Mmwera, wewe Mmakonde, jirani zetu Wayao wa Masasi walirithisha hata uchifu kwa mtoto wa dada. Kwa Waingereza wa zama zile jina, cheo na ardhi vyote vilishuka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Elizabeth Howard alipoolewa na Thomas Boleyn, watoto wake wakawa akina Boleyn basi. Duki aliwatumia wapwa alipowahitaji, lakini hakuwa na deni kwao. Mtu wake alikuwa mwanawe wa kiume, kwa sababu huyo ndiye angebeba jina la Howard.

Pili, mtazame alikotoka. Tarehe 22 Agosti 1485 kwenye vita vya Bosworth babu yake, John Howard, Duki wa kwanza wa ukoo huo, aliuawa akimpigania Mfalme Richard III. Richard naye aliuawa palepale, na Henry Tudor akachukua taji. Akina Howard walikuwa upande ulioshindwa. Baba yake Thomas akatiwa Mnarani, vyeo vikafutwa, mashamba yakachukuliwa. Thomas wetu wakati huo ni kijana wa kama miaka kumi na miwili. Baba yake alihangaika karibu miaka thelathini kurudisha kilichopotea siku moja: akamtumikia mfalme mpya kwa kila kazi, mpaka mwaka 1513 akiwa mzee wa miaka sabini akaongoza jeshi pale Flodden, akawashinda Waskoti na Mfalme wao James IV akafia uwanjani. Mwaka uliofuata ndipo uduki ukarudi. Mtoto aliyekua akiona hayo alijifunza jambo moja tu, kwamba kila ulichonacho kiko mkononi mwa mfalme na anaweza kuufumba mkono huo kesho.

Tatu ndiyo penye mzizi wenyewe: urithi wa kiti. Henry VIII alikuwa amekaa miaka ishirini na saba bila mtoto wa kiume wa ndoa aliye hai. Mke wa kwanza, Catherine wa Aragon, alimwachia binti mmoja, Mary, aliyezaliwa 1516. Anne akaja na ahadi ya mvulana. Tarehe 7 Septemba 1533 akazaa Elizabeth. Mwaka 1534 ikatungwa sheria kwamba kiti ni cha watoto wa Anne. Mwishoni mwa Januari 1536 mimba ikatoka. Kuanzia hapo Anne hakuwa na ngao.

Sasa sikiliza hili, maana vitabu vingi hulipita haraka. Henry alikuwa na mvulana mmoja wa nje ya ndoa, Henry FitzRoy. Na binti wa Duki wetu, Mary Howard, aliolewa na kijana huyo mwishoni mwa 1533. Hesabu mwenyewe, mwanangu. Mpwa yuko kitandani kwa mfalme, mkwe ni mtoto wa mfalme. Anne alipoanguka, ndoa yake ikatangazwa batili, Elizabeth akaitwa mtoto wa haramu kama Mary alivyoitwa kabla yake, na sheria mpya ya 1536 ikampa mfalme ruhusa ya kumtaja mrithi amtakaye. Watoto wote watatu wako sawa kwa uharamu, na wa kiume ni mmoja. Mimi naamini Duki alipokaa kwenye kiti kile alikuwa anatazama ng'ambo ya mpwa wake, anamtazama mkwe.

Lakini Mungu ana hesabu zake. FitzRoy alikufa Julai mwaka huohuo, ana kama miaka kumi na saba, miezi miwili tu baada ya Anne. Mfalme akaamuru azikwe kimya kimya. Mwili ukawekwa kwenye mkokoteni na kufunikwa majani makavu kama mzigo wa shamba, ukapelekwa Thetford kwenye makaburi ya akina Howard. Kisha mfalme akageuka akamkasirikia Duki kwa nini mwanawe amezikwa bila heshima. Ndiyo aina ya bwana aliyekuwa anatumikiwa.

---

Mto_Ruvuma (Masasi, Mtwara)

Mwalimu nakuheshimu sana, ila hapo umemfanya Duki awe mashine ya hesabu. Imeandikwa na watu wa wakati ule kwamba aliposoma hukumu machozi yalimtoka. Mtu asiye na damu moyoni halii hadharani mbele ya mabwana wenzake.

Halafu dada BintiMahuta, ujue hawa wawili walikuwa hawaelewani muda mrefu. Anne alikuwa na ulimi. Balozi mmoja pale ikulu aliandika kwamba mwaka 1535 mjomba alitoka chumbani kwake analalamika, amejibiwa maneno ambayo hata mbwa hajibiwi. Hata katika dini hawakuwa pamoja: Anne aliwapenda watu wa mageuzi, mjomba alishika ya kale. Na kukataa kiti kile ingekuwa sawa na kusema mfalme ni mwongo. Angekatwa yeye, na mashtaka yangeendelea na hakimu mwingine. Simtetei, nasema njia ya kutoka haikuwepo.

---

BintiMahuta

Mwalimu, nimeisoma mara tatu, asante sana. Ile habari ya mkokoteni na majani makavu imenikaa mno.

Kaka wa Masasi, machozi nimeyasikia. Lakini mjomba wangu siku ile ya mwembe hakulia hata kidogo. Alibeba magunia. Ulimi wa mpwa pia si hoja kwangu. Mimi mwenyewe niliwahi kumjibu mjomba vibaya nikiwa na miaka kumi na tisa, akaniacha wiki mbili bila kusema nami, kisha akanitumia kuku.

Na kama lingekuwa jambo la mara moja ningesema alibanwa. Nimeendelea kusoma nikamkuta tena. Tarehe 28 Julai 1540, siku aliyokatwa kichwa Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa mfalme na adui wa Duki, mfalme akamwoa Catherine Howard. Huyu naye ni wa Duki, mtoto wa mdogo wake Edmund, mtu aliyekufa mwaka uliotangulia akiwa amejaa madeni. Binti hakuwa na mama, alikulia Lambeth kwa mama wa kambo wa Duki, kwenye nyumba iliyojaa wasichana wa ndugu walioachwa pale, na wanaume wakiingia usiku. Nani alimlinda huyu mtoto? Hakuna. Mambo ya utotoni yakaja kufukuliwa, tarehe 13 Februari 1542 naye akakatwa kichwa, hajamaliza hata miaka miwili ya ndoa.

Na Desemba 1541, kabla Catherine hajafa, Duki alimwandikia mfalme barua. Akawataja mabinti wawili wa ndugu zake, Anne na Catherine, kwamba matendo yao ni machukizo. Akamtaja mama yake wa kambo, akamtaja ndugu yake William, akamtaja dada yake mwingine, wote wamo kizuizini, akawakana wote mmoja mmoja. Anaomba tu mfalme asimchukie yeye. Mzee wa ukoo! Ukoo mzima uko gerezani, yeye yuko shambani kwake Kenninghall na kalamu.

Nisaidieni, kuna mtu aliyewahi kumlipa?

---

Wakili_Mtarajiwa (Lindi mjini)

Dada yangu, nasoma sheria mwaka wa tatu, nipo nyumbani likizo. Jibu lako lipo, na linauma.

Kabla ya hapo, jambo moja la kisheria linalosaidia kuelewa woga wao. Zama zile Bunge liliweza kutunga sheria ya kumtangaza mtu mhaini bila kesi yoyote. Catherine Howard alikufa hivyo. Hakuwahi kusimama mbele ya jaji. Na mhaini hafi peke yake: damu yake inahesabiwa imeharibika, watoto hawarithi, ardhi yote inarudi kwa mfalme. Fikiria mikorosho yako kumi na nne, na ya mama, na ya mjomba, yote kwa siku moja kwa kosa la mmoja. Ndiyo maana wazee wa koo zile walikuwa wepesi wa kukata tawi.

Sasa malipo. Desemba 1546 mfalme anakufa taratibu, mrithi ni Edward, mtoto wa Jane Seymour, ana miaka tisa. Swali la London nzima ni nani atamlea mfalme mtoto. Wajomba zake, akina Seymour? (Umeona, huko nako ni wajomba!) Au akina Howard? Duki aliona mbali, akataka kumwoza binti yake Mary, yule mjane wa FitzRoy, kwa Thomas Seymour ili koo mbili ziungane. Mwanawe Henry Howard, maarufu kama Surrey, mshairi na mtu wa majivuno makubwa, akakataa kata kata, akawaona Seymour ni watu wa juzi tu.

Kisha Surrey akafanya kosa la kuchanganya kwenye ngao yake nembo ya Mfalme Edward Mwungamaji wa kale. Kwa mtu wa leo ni mchoro. Kwao ilikuwa ni kusema nami nina damu ya kiti. Baba na mwana wakatiwa Mnarani siku moja. Na waliotoa ushahidi ni akina nani? Binti yake mwenyewe, Mary, na hawara yake wa miaka mingi, Bess Holland. Watu wake wa ndani kabisa walisimama wakasema, kama yeye alivyowasema wengine kwa barua. Surrey alikatwa kichwa tarehe 19 Januari 1547.

Mzee akaandikiwa sheria ya uhaini, ikapata kibali cha mfalme tarehe 27 Januari. Usiku wa kuamkia tarehe 28 mfalme akakata roho. Basi kichwa kikabaki shingoni. Alikaa Mnarani zaidi ya miaka sita, utawala wote wa yule mtoto Edward, huku Seymour wakichinjana wenyewe: Thomas alikatwa 1549, na kaka yake, mlezi wa mfalme, 1552, saini ikiwa ya mpwa wao.

Alitoka Agosti 1553, Mary, yule binti wa Catherine wa Aragon, aliposhika kiti. Kabla ya hapo John Dudley, bwana aliyeshika serikali ya Edward baada ya Seymour, alikuwa amemtawaza mkwewe Jane Grey kwa siku tisa, na Mary alikimbilia wapi kukusanya jeshi? Kenninghall, kisha ngome ya Framlingham, nyumba zilezile zilizokuwa za Duki. Mzee wa miaka themanini akarudishiwa cheo, na kazi yake ya kwanza kubwa, unaweza kukisia: alikalishwa tena kiti cha hakimu mkuu, amhukumu Dudley kifo. Alikufa kitandani kwake Kenninghall, Agosti 1554.

---

MwalimuMstaafu

Kijana umesema vizuri sana. Niongeze kidogo: mjukuu wake, Duki wa nne, mwana wa Surrey, alitaka kumwoa Mary wa Uskoti, aliyekuwa akidai kiti cha Elizabeth. Alikatwa kichwa tarehe 2 Juni 1572. Mwana wa huyo, Philip, akafia Mnarani 1595. Ukoo wa kiume aliotaka kuuokoa ndio uliozidi kutoa vichwa.

---

BintiMahuta

Wazee na wenzangu, Mungu awabariki. Nirudi mara moja nimalizie, maana Jumapili nilikwenda Mahuta kwa mjomba nikamsimulia yote.

Alikuwa amekaa barazani anasafisha mashine ya kupulizia salfa. Nilichora chini kwa kijiti. Kwanza nikachora kama wao: babu, baba, mwana, mjukuu, na kila nilipofika kwenye aliyekatwa kichwa nikatia alama. Akatazama. Akasema, "Sasa nichoree kwa mama zao."

Nikafuta nikaanza upya. Elizabeth Tilney, huyu ndiye mama wa Duki. Kwa hesabu yetu Duki ni wa ukoo wa Tilney. Tilney akamzaa Elizabeth Howard. Elizabeth Howard akamzaa Anne. Anne akamzaa Elizabeth. Mstari umenyooka, mama na binti mpaka mwisho, na yule wa mwisho ndiye aliyekalia kiti kuanzia 1558 hadi 1603. Zaidi ya miaka arobaini na minne! Catherine Howard kwa hesabu hiyo hayumo, ni mtoto wa ndugu wa kiume, ana ukoo wake kwa mama yake. Surrey hayumo pia. Duki alihangaika na hao, na aliye wake hasa ni yule mtoto wa miaka miwili na nusu aliyeitwa wa haramu wakati mama yake alipouawa.

Mjomba aliweka kitambaa chini. Aliniuliza swali moja tu ambalo mimi na kitabu changu hatukuwa tumeliwaza: "Dada yake alikuwa hai?"

Nikafungua kitabu palepale kutafuta. Alikuwa hai. Elizabeth Howard aliishi karibu miaka miwili baada ya kaka yake kuwasomea wanawe hukumu, akafa Aprili 1538. Hakuzikwa kwa akina Boleyn. Alipelekwa Lambeth, akazikwa kwenye kikanisa cha akina Howard, kwa kaka zake.

Mjomba akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kaka yake alikwenda kuzika. Kitabu hakisemi.